Talaka yangu ilikwama miezi nane kwa karatasi moja. Tuongelee baraza, mahakama na watoto (uzi mrefu)

#1 – Mwanzisha uzi

Habari za muda huu wadau. Nimekaa sana humu nasoma watu wanaulizana mambo ya talaka na watoto, na majibu mengi ni ya kijiweni, mara "mtoto chini ya miaka saba ni wa mama tu kesi imeisha", mara "mali ni nusu kwa nusu", mara "mume akikuandikia karatasi ya talaka basi mmeachana". Mimi nimepita njia yote, niko Mwanza, ndoa ilikuwa ya kanisani, watoto wawili, na hati ya talaka ninayo mkononi, kwaiyo naandika nilichokiona na nilichokuja kukijua nikiwa nimeshaumia. Naongelea Tanzania Bara. Zanzibar ni mahakama ya kadhi na sheria hii haiwahusu, na Kenya wana sheria zao.

Nianze na kosa langu maana ndo sababu ya huu uzi.

Niliondoka kwa mume wangu baada ya kunipiga mara ya tatu, nikaenda kwa mama na watoto wote. Wazee wa kanisa wakatuita, mume alikuja mara moja akanyanyuka katikati ya kikao akaondoka, mara ya pili hakutokea kabisa. Wazee wakaniandikia barua nzuri yenye muhuri kwamba wamejaribu kusuluhisha imeshindikana. Mimi nikajua nimemaliza hatua. Nikafungua shauri, mwenzangu akapelekewa samansi, tukawa tunaenda tunarudi, tarehe inapangwa leo hakimu yuko semina, kesho mwenzangu anaumwa, miezi inakatika na mimi kila nikienda mahakamani siku hiyo sijauza dagaa. Tumefika siku ya kusikilizwa hakimu ananiuliza hati ya baraza iko wapi, nikatoa barua yangu ya kanisa, akaisoma mpaka mwisho akasema mama, hii siyo. Shauri likaondolewa siku hiyohiyo. Miezi nane. Nilikaa kwenye benchi nje nikalia watu wananiangalia.

Karani mmoja mtu mzima ndo akanifuata akanieleza, na hapa naomba msome taratibu. Shauri kuondolewa sio kwamba umeshindwa, ni kwamba umeingia kwa mlango ambao haukufunguliwa, unaruhusiwa kurudi ukikamilisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 101 inasema huwezi kuomba talaka mahakamani mpaka kwanza mgogoro upelekwe Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Uthibitisho wenyewe una fomu yake, watu wa mahakamani wanaiita Fomu Namba 3. Sio barua ya mchungaji, sio barua ya mwenyekiti wa mtaa, sio muhtasari wa kikao cha ukoo. Kuna taasisi za dini ambazo zina baraza linalotambulika kisheria, Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu) kwa mfano, ila wale wazee wangu hawakuwa baraza, walikuwa wazee tu wenye nia njema. Ukitaka usihangaike nenda baraza la kata yako.

Nikaanza upya. Kata walimwita mume, hakuja. Wakamwita tena hakuja. Mara ya tatu alikuja na kaka yake. Mbele yetu wamekaa watu watano, sheria inasema mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano, na mmoja alikuwa mama ambaye mimi nilimuuzia dagaa miaka. Niliona aibu lakini ukweli baraza lilinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Mume akasema anataka nirudi. Mimi nikasema sirudi, nikaeleza kipigo, nikatoa PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa hospitali ukiumizwa. Wakatupa wiki mbili tukafikirie, tukarudi na majibu yaleyale, wakajaza fomu.

Muda nao uangalieni. Hiyo hati ukishaipata unatakiwa uwe umefungua shauri ndani ya miezi sita. Ikipita miezi sita imeoza, unarudi baraza.

Nitaendelea na habari ya watoto na mali baadae, nimeamkia sokoni hapa.

#2

Pole sana dada. Swali, mimi mume wangu ameondoka huu mwaka wa nne, sijui yuko wapi, simu haipatikani, kwao wanasema nao hawajui. Baraza litamwita nani sasa?

#3 – Mwanzisha uzi

Pole mpendwa. Kwa hali yako sheria imekuachia. Kifungu kilekile cha 101 kinasema huhitaji kupita baraza kama mwenzako amekutelekeza na hujui alipo, au anaishi nje ya nchi na hakuna dalili ya kuja ndani ya miezi sita, au ameitwa na baraza akakataa kwenda kwa makusudi, au amefungwa maisha au miaka mitano kwenda juu, au ana ugonjwa wa akili usiopona, au mahakama ikiridhika kuna mazingira ya pekee sana. Ila usiende mikono mitupu, andika vizuri kwenye maombi lini aliondoka, umemtafuta kwa nani na nani, na mashahidi uwe nao. Kutelekezwa kwa makusudi miaka mitatu kwenda juu peke yake ni ushahidi mmojawapo kwamba ndoa imevunjika.

Na wale waliofunga ndoa juzi, chini ya miaka miwili tangu mfunge huombi talaka mpaka mahakama ikupe ruhusa maalum kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida.

#4

Mimi ni mwanaume na naomba kuongea kwa heshima. Nyuzi hizi kila siku zinatuchora wanaume kama hatuwataki watoto. Mke wangu aliondoka na mtoto wa miaka mitano, nimekaa mwaka mzima namuona mara mbili, kila nikiuliza naambiwa subiri afikishe saba ndo uje umchukue. Natuma hela kila mwezi. Je ni kweli nisubiri saba? Na akifika saba anakuwa wangu?

#5 – Mwanzisha uzi

Kaka yangu pole, na hapana, sio hivo, na hii ndo imani inayoumiza familia nyingi kuliko zote.

Kifungu cha 125 cha hiyohiyo Sheria ya Ndoa kinasema mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza linalotangulia mengine yote ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo inaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kutoa maoni yake kwa uhuru, na mila za jamii yenu. Sasa kwa mtoto aliye chini ya miaka saba kuna dhana kwamba ni vizuri akae na mama. Neno ni dhana, na dhana inapingika. Baba akionyesha kwamba kwa mama mtoto anapata shida, mahakama inaweza kumpa baba hata mtoto wa miaka mitatu. Na kwenye kuamua hilo sheria inataka hakimu aangalie pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto aliyeshazoea mahali.

Na upande wa pili, saba ikifika hakuna kengele inayogonga mtoto anahamia kwa baba. Inarudi palepale ustawi wake. Ukikaa kimya miaka miwili unasubiri saba, ukija hakimu anamkuta mtoto ana shule, ana rafiki, ana bibi anayemlea, utaambiwa asisumbuliwe. Kwaiyo usisubiri.

Hata leo kabla ya talaka unaweza kwenda ustawi wa jamii wilayani kwako ukaomba wawaite mpangiane siku za kumuona, ikishindikana unafungua maombi mahakama ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine ilimradi isivuruge masomo yake. Nasema tena, haki ni ya mtoto. Mama hana mamlaka ya kuizuia kwa hasira zake, na mimi nasema hivi nikiwa mama niliyepigwa.

Miamala yako ya simu usifute hata mmoja.

#6

Wa Tanga hapa. Mimi ni muislamu, mume aliniandikia talaka tatu kwenye karatasi akamkabidhi kaka yangu, nimekaa eda nimemaliza. Sasa nataka haki yangu kwenye nyumba tuliyojenga naambiwa kisheria bado ni mke wake. Nimechanganyikiwa.

#7

Dada wa Tanga #6, mimi ni msaidizi wa kisheria, ngoja nikusaidie kidogo. Mbele ya dini yako hiyo ni habari nyingine na shekhe wako atakueleza. Mbele ya sheria ya Bara, ndoa inavunjwa na mahakama. Sheria ya Ndoa haijapuuza uislamu, kifungu cha 107 kifungu kidogo cha 3 kinasema kama ndoa ilifungwa kiislamu, baraza likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja akafanya kitendo ambacho kiislamu kinavunja ndoa, basi mahakama inatamka ndoa imevunjika na kutoa talaka. Angalia mpangilio, baraza kwanza halafu talaka. Kwako talaka imetangulia baraza ndo maana mnaambiwa bado. Nenda baraza la Bakwata au la kata, waeleze kila kitu, chukua hati, kisha fungua shauri uombe talaka pamoja na mgawanyo wa mali kwa wakati mmoja. Ile karatasi itunze, ni ushahidi.

Msilipe watu wa mtaani wanaowaandikia maombi kwa laki mbili. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2017, tupo wasaidizi wa kisheria karibu kila wilaya na huduma ni bure kwa asiye na uwezo. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) nao wanasaidia, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa 2023 imekuwa ikizunguka mikoani.

#8

Mimi nahoji hiyo ya mali. Mke alikuwa nyumbani anapika tu, mshahara ni wangu, kiwanja jina langu, mkopo wa benki nimekatwa mimi. Anapewaje nusu?

#9 – Mwanzisha uzi

Mkuu sheria haijasema ni lazima iwe nusu, ingawa inataka mahakama ielekee kwenye usawa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, na inaangalia kila mmoja amechangia kiasi gani kwa hela, kwa mali au kwa kazi, madeni mliyokopa kwa faida yenu wote, mahitaji ya watoto, na mila zenu. Unaweza kupata asilimia 20, unaweza kupata 50.

Ila hiyo ya "anapika tu" ilishajibiwa na Mahakama ya Rufani zamani, 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Majaji walisema kazi za nyumbani, kulea, kupika, kutunza nyumba, ni mchango kwenye mali. Yani wewe umeweza kwenda kazini kila siku miaka kumi kwa sababu kuna mtu amebaki na watoto. Watu wengi hawajui kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupewa sehemu ya nyumba, kwa sababu mume alishampa hela za kuanzisha biashara akazitumia vibaya, mahakama ikaona ameshapata chake. Lakini msingi alioacha unatumika mpaka leo kwa wanawake wote.

Na wewe unayesema jina lako lipo kwenye hati, nyumba ya familia huruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzio wakati ndoa ipo hai, kifungu cha 59. Kinamama mkisikia tetesi nyumba inauzwa wahini kuweka zuio kabla mnunuzi hajalipa.

Mimi kilichonisaidia ni daftari la vikoba. Nilikopa laki nane nikanunua mabati ya ile nyumba, na katibu wetu alikuwa anaandika mtu amekopa kwa ajili gani. Fundi naye alikuja kutoa ushahidi kwamba hela ya mabati alipewa na mimi mkononi. Mume alisema mimi sikuchangia hata msumari. Daftari lilipowekwa mezani hakuongea tena hiyo habari. Nilipewa asilimia 40 na nilishukuru.

#10

Sisi hatukufunga ndoa popote, tumekaa miaka sita tuna mtoto, kila mtu ananiita mke wa fulani. Nina haki gani jamani?

#11 – msaidizi wa kisheria tena (#7)

Kifungu cha 160. Mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi mpaka jamii ikawatambua kama mke na mume, inachukuliwa kwamba walioana. Nayo ni dhana, inapingika, kwa mfano kama mmoja alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja hiyo dhana inaanguka. Ila hata kama upande wako itapingwa, mtoto hapotezi kitu, matunzo yake yako palepale. Kusanya mashahidi, majirani, balozi, picha, na kama mlipanga nyumba pamoja tafuta mkataba wenye majina yenu.

#12 – Mwanzisha uzi

Nimerudi, nimalizie ya watoto maana nimeulizwa sana inbox.

Wakati nafungua shauri la pili mkubwa wangu alikuwa na miaka 9 na mdogo 4. Niliomba wote wawili. Mume naye akaomba wote wawili. Mahakama ikaagiza ripoti ya ustawi wa jamii. Afisa alikuja kwa mama bila kutoa taarifa, nilikuwa natoka sokoni nanuka dagaa, akaangalia watoto wanalala wapi, akaangalia madaftari ya shule, akaongea na mwalimu, akamuuliza mama yangu afya yake. Akaenda na kwa mume vilevile. Nilikuwa naogopa kwa sababu mume ana nyumba nzuri na mimi nalala chumba kimoja na watoto, lakini yule afisa hakunihukumu kwa hela. Ripoti ilieleza nani anampeleka mtoto hospitali, nani anajua mtoto anaogopa nini, na baba anaondoka saa ngapi kazini na nani anabaki nao.

Yule mkubwa hakimu aliongea naye ofisini kwake, sisi wazazi tumekaa nje. Sijawahi kukaa dakika ndefu kama zile. Kabla ya siku hiyo dada yangu alikuwa ananishawishi nimfundishe mtoto cha kusema na kwa kweli nilishaanza, usiku mmoja nikamuuliza "ukiulizwa utasema unataka kwa nani?", mtoto akaanza kutetemeka akaniuliza mama nikisema vibaya baba atafungwa? Niliacha hapohapo. Naomba sana mwenye kesi asifanye hilo, mahakimu wanajua mtoto aliyekaririshwa, na mtoto anabaki na huo mzigo hata kesi ikiisha.

Hukumu ilitoka watoto wote wakae kwangu, likizo ndefu waende kwa baba, baba alipe ada na matunzo kila mwezi. Wakati nalalamikia wale wanaosema "kama unawataka watoto basi walishe mwenyewe", ndo nikaelewa kifungu cha 129, jukumu la kuwatunza watoto ni la baba hata kama hawakai kwake. Mama anaingia pale baba amekufa, hajulikani alipo au hana uwezo. Na mkiwa bado mnaendelea na kesi unaweza kuomba amri ya matunzo ya muda, mimi sikujua, nimebangaiza mwaka mzima peke yangu.

Watu wanadhani amri ya watoto ni ya milele. Inaweza kubadilishwa muda wowote hali ikibadilika, kama mzazi amehama, ameumwa, au ilitolewa kwa taarifa za uongo. Na ole wake anayemtorosha mtoto amri ikiwepo, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto.

#13

Dada umeandika vizuri. Mimi matunzo yaliamuliwa, mume alilipa miezi miwili akaacha. Hukumu ninayo kabatini nafanya nini?

#14 – Mwanzisha uzi

Mpendwa hukumu ya kabatini hailishi mtoto. Rudi mahakama ileile iliyoamua, uombe kukazia hukumu, unaandika alitakiwa kulipa kiasi gani na amelipa lini na lini. Anaitwa ajieleze. Kama ameajiriwa mahakama inaweza kuagiza akatwe kwenye mshahara. Wangu aliposikia neno mshahara alianza kutuma mwenyewe, tarehe 3 kila mwezi, na mimi kila meseji naiandika kwenye daftari maana simu zinaibiwa.

Na siku ya hukumu msiondoke bila kuulizia nakala ya hukumu na hati ya talaka, na kama hujaridhika waulize hapohapo masjala siku za rufaa ni ngapi maana zinaanza kuhesabika. Hati ikishatoka ipeleke ikasajiliwe RITA, wale wakala wa serikali wanaosajili vizazi, vifo, ndoa na talaka. Kuna shoga yangu alitaka kufunga ndoa nyingine bomani akaambiwa alete ushahidi kwamba ameachika, na hukumu yake ilikuwa imeliwa na mchwa, akaanza kutafuta jalada la miaka tisa nyuma.

#15

Mama asante. Mimi naanza kesho. Niko Ilemela, nina PF3 na cheti cha ndoa, naogopa tu akiitwa baraza atanifanyia fujo njiani.

#16 – Mwanzisha uzi

Mdogo wangu pita kwanza dawati la jinsia na watoto polisi uwaeleze, wana utaratibu wa kuongea na watu wa aina hiyo kabla hajaitwa, na waambie baraza waziwazi kwamba unaogopa ili wakupe muda wa kuondoka yeye akiwa bado ndani. Mimi mwenyekiti alimbakiza mume wangu nusu saa anaongea naye mpaka nilipofika nyumbani. Nenda na mtu mzima mmoja, usiende na watoto. Cheti cha ndoa toa kopi, halisi ibaki kwa mama yako. Na wahi asubuhi uulize baraza linakaa siku gani, letu lilikuwa linakaa Jumatano tu, mimi nilienda Alhamisi nikapoteza wiki.